Mjusi wa Nguvu Moja

Mimi nauza mitumba Lindi mjini. Kufungua belo ndiyo raha yangu: leo koti la bwana harusi, kesho soksi tupu za mguu wa kushoto. Siku moja nikakuta boksi la karata za kigeni, za mazimwi na wachawi, kila moja ina nguvu ya kumaliza mchezo peke yake. Hapakuwa na nyonge hata moja.

Nikamwita binamu yangu, mchora mabango wa Rasbura. Huyu huchora kikombe kilekile cha chai kwenye kila mgahawa, na mchana hula ugali kwa samaki yuleyule, nadhani hata mwiba ni uleule. Tulizaliwa wiki moja, na waliojua nani katangulia wameshazikwa. Tukawekeana dau: mechi moja, Idi Mosi, na atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo mpaka kufa. Shahidi akawa mjane anayeuza bagia jirani na meza yangu, ambaye, sifichi, namezea mate.

Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza. Tukayapitisha kwenye simu, nayo ikatuambia: "Kila zamu, chora kadi moja."

Tukakata maboksi ya biskuti, tukachora. Wiki tatu! Kila zamu binamu alichora zimwi lilelile, magamba yote, na kila mara nilikufa mapema. Nikajaribu na mimi zimwi langu. Akaligeuza huku na huku.

"Huyu mjusi, bwana. Nguvu moja."

Siku hiyo akapita mpwa wangu, mwalimu wa sekondari. "Shikamooni wajomba. Mbona mnachora?" Tulipomweleza, akakaa chini kwa kicheko. "Kwa Kiingereza kuchora na kuvuta ni neno moja. Maana yake mvute karata kwenye fungu!"

Binamu alinuna. Kwake utamu ni kujua kinachokuja, na nakiri, kumtazama akishinda vilevile kila siku kulikuwa na raha yake, japo aliyekufa ni mimi. Ila mimi roho ilichanua: sasa kila karata ilikuwa belo.

Idi Mosi ikafika. Kila mtu kabakiwa na uhai mmoja. Zimwi lake lilikuwa limetoka kupiga, halijarudi kulinda. Zamu ijayo ningekwisha. Nikavuta. Mjusi! Kipande cha boksi la biskuti kilikuwa kimejichanganya kwenye fungu.

"Hiyo si karata!"

"Aliyeipa nguvu moja nani?"

Mjane akacheka mpaka bagia zikaungua, akasema hukumu ilishapita, na kwa uhai mmoja nguvu moja inatosha. Binamu akasimama. "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitika, kichwa kikubwa.

Nilisahau kwamba huyu mtu habadiliki. Sasa kila asubuhi, saa ileile, sauti ileile, anasimama mbele ya meza yangu: "Shikamoo, babu!" Soko zima linasikia.

Jana mjane naye kaniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje? Nilishinda.