Mwito wa Kabla ya Mwanga

Kazi ya mama mdogo ni kuhakikisha chumba hakina mtu. Kazini kwao elektroni hukimbizwa kwenye bomba kubwa la mviringo mpaka zitoe eksirei kali ajabu, ambayo watafiti huitumia kuona hata jinsi dawa inavyomnasa kijidudu cha ugonjwa. Kabla mwanga huo, unaoweza kumdhuru mtu, haujafunguliwa chumbani, yeye huingia, huchungulia nyuma ya mashine, hubonyeza kitufe ukutani na kuita, "Kuna mtu?" Mtafiti akimharakisha, anakatwa jicho. Mama mdogo asipojibiwa, anafunga mlango, roho imetulia.

Mazoea yamemfuata nyumbani. Hata stoo haifungi kabla ya kuita, nasi tunamtania kwamba labda panya ataitikia.

Kisha baba mdogo akaugua kifua, akabaki ngozi na mifupa. Dawa iliyomnyanyua, daktari alituambia, ilibuniwa kwa msaada wa mwanga wa namna hiyohiyo.

Siku hizi mama mdogo akitoka kazini husimama kwenye mlango wa chumba chao, baba mdogo akiwa ndani.

"Kuna mtu?"

"Nipo, bwana. Ingia basi."

Haingii. Anaita tena, ajibiwe mara ya pili.