Neno "Safisha"

Nilipewa miezi mitatu ya majaribio kwenye ofisi ya wapiga picha za harusi pale Mwenge, kazi yangu kupanga picha kwenye kompyuta. Nikifaulu, mkataba. Nikishindwa, narudi Kunduchi kukaanga samaki na mama, na ule moshi nilishauchoka.

Aliyenifundisha ni fundi wa kompyuta wa ofisi, mwanamume mpole wa maneno. Alinifungulia dirisha jeusi lisilotaka kipanya: unaandika amri, kompyuta inatii. Programu yenyewe ina jina la Kiingereza lenye maana ya samaki.

"Mtoto wa Kunduchi, samaki akushinde?" alinitania. Nikacheka, mjinga mimi.

Kusema kweli niliipenda. Nikianza kuandika amri, yenyewe inaimalizia kwa herufi za kijivu, nami nabonyeza mshale tu. Nikikosea, neno linageuka jekundu kabla sijaharibu. Nikajiona mjanja. Fundi alishaweka na maneno ya mkato ya Kiswahili: ukiandika "hamisha", linajigeuza kuwa amri ndefu ya kuhamisha picha.

"Nyie mnaoogopa Kiingereza nimewarahisishia, sista. Tumia tu."

Wiki ya mwisho ya majaribio, kioo kilijaa maandishi mpaka macho yakaniuma. Nilitaka kiwe kitupu nianze upya. Nikaandika "safisha". Halikuwa jekundu. Nikabonyeza.

Kwangu mimi kusafisha ni kupiga deki: uchafu unatoka, vyombo vinabaki. Kwa fundi lilikuwa neno la kufuta picha zote kwenye folda ya kazi, mteja akishakabidhiwa zake. Hakuwahi kuniambia. Harusi nzima ya watu wa Boko ikapotea, na ilikuwa bado haijanakiliwa popote. Kompyuta haikuniuliza hata mara moja kama nina uhakika.

Bosi alituita wote wawili.

"Nani kafuta?"

"Mie, bosi. Lakini lile neno..." Nikamgeukia fundi amalizie.

Aliangalia viatu vyake. "Kompyuta inafanya inachoambiwa tu, bosi."

Basi. Hakusema ni nani aliyeliweka neno lile. Nilipojaribu kueleza mwenyewe, bosi akaniambia niache kutafuta wa kumsingizia. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nje na mkoba wangu, mkataba nimeusikia kwa jina tu. Watu huniambia nimsamehe, yameshapita. Sijamsamehe. Angenirushia kosa waziwazi ningemwelewa, lakini yeye alikaa kimya kwa upole uleule aliotumia kunifundisha.

Kesho yake baada ya kufukuzwa, asubuhi nikiwavalisha wanangu sare za shule, ujumbe wa fundi ukaingia kwenye simu.

"Sista, nisamehe. Mie nina watoto."