Siku Niliyowafukuza Punda Milia

Ilikuwa siku ya pili barabarani na uchovu ulikuwa umeingia hadi kwenye meno. Kamio la baba, lori letu kuukuu, lilibeba chumvi, sabuni na vitenge vya kuuza vijijini. Mbele tulikaa watatu: baba kwenye usukani, mimi mlangoni, na katikati mdogo wangu wa kike, miaka saba, miguu juu ya mfuko wa nguo zake. Nguo zake zote. Safari yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Tulikuwa tunampeleka kwa mjomba, kaka yake mama, akae huko moja kwa moja.

Mama alikufa mvua zilipoanza. Kwao mama, watoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwao baba, Waislamu waliotoka mashariki na biashara zao, mtoto ni wa baba. Mama alipokuwa hai jambo hilo lilikuwa la kuchekeshana wakati wa kula. Tulipomzika likawa jambo la kweli. Baba wiki nzima yuko njiani. Mimi nilikuwa mchimbaji wa shaba kwenye machimbo ya Mashamba, naingia shimoni alfajiri, natoka nina rangi ya udongo. Nani angempikia mtoto bukari, ugali wetu? Mjomba akatuma neno, baba akakubali. Mimi niliomba kusindikiza tu. Nilijiambia nitamchekesha mdogo wangu njiani, maana kuchekesha nakuweza, na kuota pia. Shimoni nilikuwa nimeshajenga nyumba tatu kichwani, moja ina baraza la kwake yeye peke yake.

Baada ya mji wa Lubudi barabara inapanda. Kwenye kizuizi cha hifadhi, gadi mmoja, mlinzi wa wanyama, aliomba lifti, mtu mzima, viatu vyake vimefungwa kwa waya. Akapanda juu ya magunia. Hatukwenda mbali. Juu ya uwanda, kwenye nyasi zisizo na mwisho, mvuke ukaanza kutoka mbele ya gari.

"Injini imechoka," baba akasema. "Hata mi nimechoka." Akatandika mkeka chini ya kamio akalala.

Gadi akamtazama mdogo wangu. "Mutoto, unapenda kuona punda milia? Beko hapa karibu. Lakini kimya, eh? Banabakia kidogo sana."

Tulitembea, kisha tukainama, kisha tukalala kifudifudi kwenye nyasi. Walikuwepo. Dume moja, majike matatu, watoto wawili. Mtoto mmoja alikuwa ananyonya, mkia unacheza. Nilikuwa sijawahi kuona mnyama mkubwa asiye na kamba shingoni, na nilisahau kabisa kuwa mgongo unaniuma.

"Ule wa nyuma njo papa yabo," gadi akanong'ona. "Ule wa mbele, mama mukubwa. Yeye njo anajua fasi ya kunywa mayi. Papa anabakia nyuma, sababu kama kintu kibaya kinakuya, kimukute yeye kwanza."

"Papa yetu anakala mbele," mdogo wangu akasema, "juu ya usukani."

Gadi akaziba mdomo asicheke.

"Na ule mutoto mwingine, mama yake ni nani?" mdogo wangu akauliza.

Yule mtoto wa pili alikuwa amesimama kando kidogo, anakula nyasi mwenyewe.

"Mama yake bawindaji balimuua, kiangazi ilipita."

"Sasa anakala na nani?"

"Na bale bale. Anakala tu na babo."

"Habakumupeleka kwa mujomba?"

Gadi akanitazama. Mimi nikatazama nyasi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu shimoni, tunapochimba bila kibali, walinzi wenye bunduki wakitokea juu ya ukingo, wa kwanza kuwaona hutia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi mara mbili, na watu wote hukimbia, wengine wanaacha hata viatu. Nilikuwa na miaka miwili katika kazi hiyo. Kwenye kilima mbele yetu wakatokea watu wawili, nguo za kijani, bunduki begani. Walikuwa wenzake gadi wetu, wako doria. Lakini vidole vyangu vilikuwa mdomoni kabla kichwa hakijauliza kitu.

Nikapiga mluzi. Mara mbili, vizuri kabisa.

Punda milia wakaondoka kwa mpigo mmoja, jike mkubwa mbele, vumbi nyuma. Yule asiye na mama alikosea njia, akaanza kuja upande wetu. Dume likageuka. Lilirudi kutoka mbali, likamzunguka, likamsukuma kwa bega mpaka akashika njia ya wenzake. Hayo niliyaona kwa kugeuza shingo, maana mimi pia nilikuwa nakimbia, mdogo wangu begani, ndala yake moja imebaki huko.

Baba akatoka chini ya gari. "Nini? Simba?"

"Bagadi!"

"Bagadi ya nini? Uliiba nini?"

"Hapana, papa, sikuiba kitu!"

Wale wawili wakafika wakicheka hadi wakashikilia kamio. Gadi wetu hakucheka. "Siku ine ninafuata bale punda," akasema. "Siku ine! Weye unabapigia filimbi sawa polisi wa magari mu rond-point!"

"Muache, muzee," mwenzake akamwambia. "Huyu ni muntu wa shimo. Angalia mikono yake."

Baba naye hakucheka. Alikuwa ananitazama jinsi nilivyomshika mtoto. Sikuwa nimemweka chini.

"Yaya," mdogo wangu akasema sikioni. Kwetu ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake, hata wa kiume. "Ule mudogo alifika?"

"Alifika. Papa yabo alirudia kumukamata."

"Papa gani?" baba akauliza.

Mdogo wangu akamsimulia yote, kwa urefu, na mikono, hadi mkia wa yule anayenyonya. Baba alisikiliza huku anamimina maji kwenye injini. Hadithi ilipokwisha alifunga kifuniko, akapangusa mikono polepole.

"Shiye hatuko punda," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Nani atabakia naye? We uko mu shimo. Siku shimo itakuangukia, mutoto atabakia tena na nani?"

Kama nisingechoka vile, nadhani ningemwambia habari za zile nyumba tatu. Lakini nilikuwa sina hata pumzi ya kuota. "Nitaacha shimo," nikasema. "Nitafungua duka ya mama."

Duka hilo lilikuwa limefungwa tangu mazishi.

"Weye? Asubuhi mpaka magaribi unapima chumvi? Utachoka mu wiki moja."

"Kuchoka nimeshachoka, papa."

Akawasha gari.

Tulifika kwa mjomba jua likiwa bado juu. Kule, baba wa mtoto ni kama mgeni. Hawezi kusimama na kumwomba mjomba mtoto. Anayeweza kuomba ni mpwa. Basi baba alisalimia, akatoa chumvi na kitenge cha bibi mzaa mama, akaketi pembeni. Mimi nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikasema. Niliomba mtoto arudi nasi, nikaahidi kuacha shimo na kufungua duka la mama.

Mjomba akaitazama mikono yangu.

"Bote ba mashimo banasema bataacha," akasema. "Sikia. Huyu mutoto ni wangu, hata kama analala kwenu. Siku nitasikia umerudia kushuka, hata mara moja, nitapanda kamio, nitakuya kumukamata. Na sitaomba."

"Ndiyo, mujomba."

"Na weye pia ni wangu. Nilikuwa nimechoka kungojea habari ya kifo chako."

Baba alishika kichwa kwa mikono miwili. Sijui kama alikuwa analia au usingizi ulikuwa umemshinda. Tulirudi kwetu Kolwezi watatu, na mfuko wa nguo.

Sasa duka linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uchovu wake si ule wa shimoni. Ule ulikuwa wa mikono, ukilala unaisha. Huu unakaa kwenye macho. Wenzangu wakipita wananiita: "Mama Chumvi! Mama Chumvi, leo bei gani?" Nawajibu kwa matusi ya kirafiki, tunacheka.

Lakini wiki iliyopita hawakuja kucheka. Walisimama mlangoni, wameshavaa taa kichwani, na yule tuliyekuwa tunachimba naye shimo moja akaniambia polepole: "Ndugu, tumeikuta shaba. Ya kweli. Kuya leo moja tu. Nani atajua?"

Mjomba yuko mbali, ni kweli. Miguu yangu ilijua njia yote mpaka ukingoni. Zile nyumba tatu zilisimama mbele yangu, na mabati yake. Nyuma ya kaunta mdogo wangu alikuwa ameacha kutafuna mkate, ananitazama.

"Muende," nikawaambia. "Muchimbe muzuri."

Walingoja kidogo, wakaenda. Nikakaa kwenye stuli, nikamwambia mtoto amalize chai, shule haimngoji.