Mlango wa Nyumba ya Kuogea

Nilifika Buffalo nikiwa nimeshapigwa vya kutosha. Mume wangu alianza kunipiga tukiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akaendelea Marekani, mjini Louisville, tulikofanya kazi kwenye maghala ya mtaa wa Okolona. Akina mama wa kanisani waliuona mgongo wangu, wakaniambia nivumilie. Siku aliponing'oa jino nilipanda basi hadi kwa binamu yangu Columbus. Akanifuata. Nikasogea mbele tena, na kufikia mwaka 2015 nilikuwa na chumba changu mtaa wa Lower West Side na kazi ya kupiga deki kwenye nyumba ya kuogea ya Wayahudi.

Wenyewe wanaiita mikve. Ni bwawa dogo la maji ya mvua, lenye ngazi na chuma cha kushikia. Mwanamke aliyeolewa akiwa kwenye siku zake, mumewe hamgusi, wala hampi sahani mkononi, mpaka zipite siku saba safi, zisizo na damu, na yeye aende kuzama mwili mzima. Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, humkagua kwanza asiwe na unywele uliomgandia. Kisha husimama juu ya maji, na akiona amezama wote bila kushika kitu, hutamka "kosher", yaani imefaa.

Jioni moja ya Desemba alikuja mke mmoja kijana. Mumewe alibaki kwenye gari. Baada ya muda msimamizi akaniita nilete taulo, nadhani hakutaka kubaki peke yake na alichokiona. Shingo ya yule binti ilikuwa na alama za vidole, na mbavu zilikuwa nyeusi upande mzima. Alisema aliteleza kwenye barafu. Mimi nami niliwahi kusema niliteleza bafuni, kwa hiyo sikuuliza.

Akashuka ngazi. Akainamisha kichwa majini, lakini mkono umeng'ang'ania chuma. Msimamizi akamwambia taratibu aachie. Akainama tena, mkono palepale, vidole vimekuwa vyeupe. Hapo msimamizi akachuchumaa ukingoni.

"Unataka niseme imefaa?"

Binti akatikisa kichwa kukataa.

"Basi hujazama," mama yule akasema. "Na hakuna wa kunilazimisha niseme umezama."

Nilishikwa na hasira. Nilimuuliza msimamizi ni sheria gani hii inayomzuia mtu kumpa mkewe sahani lakini haimzuii kumkaba. Akanijibu kuwa sheria inakataza ngumi zaidi ya sahani, ila bwana huyu anachagua za kufuata. Kisha akaenda kuwapigia polisi simu.

Mlango wa mbele ukaanza kugongwa. Nilitangulia mimi, nikaufungua kidogo, nikamwambia yule mume kwamba mkewe hajazama na hatoki. Akanitukana, akapitisha mkono kwenye upenyo kutafuta koo langu. Nikausukuma mlango kwa uzito wangu wote. Mifupa ikalia. Akapiga yowe, na niseme ukweli, nilifurahi. Nikaulegeza kidogo, na kabla hajauchomoa mkono nikaubamiza tena, na safari hii niliyemwona mbele yangu alikuwa mume wangu.

Polisi walimkuta ameketi kwenye theluji, damu inadondoka kwenye koti. Akaninyooshea mkono wake usioumia, akasema mfagiaji huyu amemvamia. Polisi mmoja akaniomba kitambulisho. Sikuwa raia bado. Binamu yangu alishaniambia kwamba kosa moja tu linatosha kukurudisha ulikotoka.

Hapo binti akatoka, amevaa koti, nywele zinadondosha maji. Mumewe alipoziona zimelowa alidhani ameshazama na mambo yameisha. Akamwambia aingie kwenye gari. Hakupaza hata sauti, alisema kama mtu anayeita chakula chake.

Binti alimwangalia, akaangalia ule mkono uliovimba. Nilijua akipiga hatua moja kuelekea gari lile, safari ijayo hatakuja kuoga, ataletwa kuoshwa. Akaja kusimama kati yangu na polisi.

"Aliyefunga mlango ni mimi," akasema. "Mara mbili."