Nilimlipia Baba Mkwe Nyama Aliyonialika

Jamani, nimekosa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu! Jina msiniulize. Nafanya kazi kiwanda cha sukari huku chini Moshi, kwetu ni Singida, na nimempenda binti wa Kichaga. Nimwite Aika.

Baba yake alinipigia mwenyewe. "Kijana, Jumamosi njoo Shirimatunda, pale kwenye nyama choma. Nashuka kutoka mlimani na wadogo zangu, nitawalisha mbuzi. Tukishakula tutazungumza hayo ya binti yangu."

Nilirukaruka kama mtoto! Nikawahadithia wenzangu kiwandani. Mmoja akaniambia, "Wachaga wanaangalia mfuko. Mzee akilipa yeye, umekwisha." Nami kichwa maji nikamwamini!

Siku ikafika. Mzee kavaa koti lake la kanisani, jua linawaka, hataki kulivua. Nikawaamkia wote shikamoo, nikaketi. Ikaja nusu mbuzi ya kuchoma na ndizi. Mzee akashika kisu, akamkatia kila mtu fungu lake, akianza na mimi mgeni. Mbele ya wadogo zake alikuwa anang'aa kwa furaha. Niliiona furaha ile kwa macho yangu, ndiyo maana najilaumu.

Nikasingizia kwenda kunawa. Mbio kaunta! Nikalipa kwa simu kila kitu, hadi soda. Nikarudi kifua mbele.

Mzee akamwita mhudumu. "Binti, niletee bili yangu."

Yule dada akacheka. "Baba, mkweo ameshamaliza!"

Mungu wangu! Mkono wa mzee ulikuwa umeshaingia ndani ya koti, ukabaki humo humo.

"Nani alimwalika mwenzake?" akaniuliza.

"Wewe, baba."

"Sasa mbona mgeni nimegeuka mimi?"

Baba mdogo mmoja akaangalia pembeni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Akamgeukia mhudumu. "Hiyo ilikuwa nusu ya kijana. Lete ya kwangu."

Jamani, nusu nyingine! Nilikuwa nimeshiba hadi kooni. Lakini ningekataaje? Nilitafuna machozi yakinilenga. Kila nikipumua, mzee ananiongezea ubavu. "Kula, mkwe. Hii ndiyo niliyokualika." Akailipa mwenyewe, noti moja moja, polepole, hadi wa meza ya jirani waone.

Nikajua sasa tunaanza mazungumzo. Nikajiweka sawa kitini.

Mzee akainuka, akafunga vifungo vya koti. "Leo tumekula shughuli mbili, hakuna mwenye nguvu ya kuongea. Nitakualika tena, vizuri. Ngoja kwanza niuze kahawa."

Aika alininunia siku kadhaa. Alipofungua mdomo alisema, "Baba alitangaza hadi kanisani kwamba anashuka kumlisha mkwe wake! Bora ungemzaba kofi." Iliniuma sana. Mzee wa watu hakutaka pesa zangu, alitaka kunikirimu tu!

Wewe unayesoma, mkwe akikualika, kula, shukuru, simu iache nyumbani! Ukitaka kumheshimu, siku nyingine mwalike wewe. Usijifanye una haraka ya kuonekana kidume, utakuja kulia kama mimi.

Juzi nilipanda kwao kusalimia. Kabla ya kubisha hodi nikapita shambani kwanza kuangalia hiyo kahawa. Mibuni ndiyo kwanza inatoa maua!