Samaki wa Ukurasa wa Pili

Ukimpelekea Ndoana kiatu, jiandae kukaa. Kushona soli ni kazi ya dakika ishirini, lakini samaki anataka saa nzima, na kiatu hakitoki mpaka samaki amalizike. Nesi mmoja wa zahanati ya mtaa wa pili aliwahi kumwomba, "Fundi, leo nina haraka, nipigie kisigino tu, samaki nitamsikiliza wiki ijayo." Ndoana akamtazama kwa huruma, akaweka nyundo chini, akaanza palepale: "Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kimo cha kawaida tu..." Nesi alichelewa zamu.

Hilo jina la Ndoana alipewa na wateja, na si kwamba walimpenda sana siku walipompa. Mwenyewe hajawahi kuvua hata dagaa. Nikwambie ukweli, anaogopa maji! Akioga, beseni likijaa hulipunguza kwanza. Na mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye mrithi wa mvuvi hodari kuliko wote waliowahi kutajwa katika ukoo ule.

Urithi wenyewe uko ndani ya kopo la biskuti, juu ya rafu, kati ya gundi na rangi nyeusi ya viatu. Babu alikwenda kufanya kazi mbali, akamwacha mkewe na mtoto mchanga wa miezi mitatu. Akawa anaandika barua, na kabla mwaka haujaisha akafia hukohuko. Barua zilikuwa saba. Mchwa walikula sita, wakabakiza vipande vya neno mojamoja: "sabuni", "usisahau", "Jumanne". Ya saba ilisalimika nusu, yaani ukurasa wa pili peke yake. Ndoana anaujua wote kwa moyo, lakini huvaa miwani akausoma kwa adabu zote:

"...likakataa katakata. Nikavuta, nalo likang'ang'ania. Nikamwita jirani, akavuta, wapi! Akaja wa tatu akanishika kiunoni. Tulihangaika saa tatu nzima, jasho linatutiririka, watu wamejaa kutazama, wengine wanacheka badala ya kusaidia. Mwishowe likachomoka ghafla, sote tukaanguka chali. Mke wangu, harufu yake usiniulize. Tumelianika nje juani, na kila apitaye anashika pua. Basi, hilo nimelivua. Limebaki la pili, nalo nitalivua kesho nikijaliwa. Ni mimi mumeo."

Umesikia? Watu watatu! Saa tatu! Watoto wa ukoo ule wamekua wakibishana juu ya la pili, kama babu alilipata au lilimponyoka. Ndugu waliohamia mbali nao waliandika barua kuulizia urefu. Mjomba mmoja alijibiwa na Ndoana kuwa mikono mitatu. Mwaka uliofuata binamu akajibiwa mikono mitano. Siku mjomba na binamu walipokutana harusini, mjomba alinuna mpaka keki ikakatwa, akidai yeye amepunjwa mikono miwili.

Mtu mmoja tu angeweza kuzuia upuuzi huu, naye ni dada yake Ndoana, mwalimu mstaafu anayeitwa Kamusi. Huyo ukimwambia "nyumba kubwa mno sana", anakuuliza unataka lipi kati ya mno na sana. Lakini Kamusi ndiye aliyezidisha. Kuna mkwe mmoja aliwahi kuuliza, kwa sauti ya chini, mbona barua inasema "likakataa", samaki si husemwa "akakataa"? Kamusi akasimama kama yuko mbele ya ubao. "Kitu kikizidi kipimo chake, hutoka kwenye ngeli yake. Mtu akizidi ni jitu, na jitu ni lile. Samaki akizidi naye ni lile. Babu alijua sarufi kuliko wewe." Mkwe akanywea. Na Kamusi hakuishia hapo, maana aliifundisha sentensi ile darasani miaka ishirini na sita, kama mfano wa hali ya ukubwa.

Sasa tuje kwa mama yao. Mama ndiye yule mtoto wa miezi mitatu. Leo ana zaidi ya miaka themanini, anakaa chumba cha nyuma ya kibanda cha Ndoana, macho yamefifia lakini masikio yanasikia mpaka unachokusudia kusema. Kaburi la baba yake halijui, hana picha yake, hakuachiwa hata kofia. Ana samaki. Kila Jumapili saa kumi Kamusi huja, chai hutengwa, na mama husema, "Haya, nileteeni baba." Ndoana husoma. Mama hufumba macho, na wakifika pale pa kuanguka chali hupiga kofi moja gotini. Barua ikiisha husema neno lilelile kila wiki: "Ndiye baba yangu huyo." Usicheze na Jumapili ya mama.

Basi Ijumaa moja mama akamwita mwanawe akampa mkoba. Ulikuwa mkoba wa ngozi wa marehemu bibi, umening'inia msumarini miaka nenda rudi, na zipu yake ilikuwa imekufa. "Nitilie zipu mpya," mama akasema, "na usije ukanikatia ngozi." Ndoana akaupeleka kwenye meza yake. Zipu ya zamani haitoki bila kufumua bitana, akafumua. Ndani ya bitana mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa.

Aliutambua mwandiko kabla hajaikunjua yote, maana ile "j" yenye mkia mrefu anaijua kuliko sahihi yake mwenyewe. Mchwa wametukanwa bure miaka yote! Ukurasa wa kwanza haukuliwa na mtu wala mdudu, bibi aliushonea mkobani akautembeza ubavuni mwake mpaka anakufa, akauachia ukoo ukurasa wa samaki. Ndoana akavaa miwani, akasoma huku midomo inacheza. Alianza kwa kutabasamu. Katikati akafuta macho kwa mkono wenye gundi. Alipofika chini kabisa, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena mistari mitatu ya mwisho. Halafu akafunga kibanda saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku alipong'olewa jino.

Jumapili alimngojea dada yake mlangoni, akamvuta hadi nyuma ya rundo la masanduku.

"Dada, soma hapa chini. Na usipige kelele, mama anasikia."

Kamusi akasoma. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Huku kazini tumegawiwa mabuti. Mimi nimepata madogo, na sikutaka kusema wasije wakampa mwingine nafasi yangu. Nimeyavaa siku mbili bila kuyatoa, miguu imevimba, na jana nilipotaka kulivua buti la kulia," na ukurasa ukaishia hapo.

"Likakataa katakata," akanong'ona Ndoana.

Kamusi alikaa juu ya sanduku bila kuangalia kama ni safi. "Kulivua," akasema. "Kuvua buti." Akaishusha karatasi mapajani. "Miaka ishirini na sita, mdogo wangu. Wengine sasa ni walimu. Wanafundisha!"

"Wewe unalilia sarufi? Mimi mtaa mzima unaniita Ndoana!"

"Tuichome."

Ndoana hakuamini masikio yake. Huyu ni dada aliyewahi kurudisha kadi ya mwaliko wa harusi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, leo anataka kuchoma karatasi yenye maandishi! "Haichomeki," akamwambia. "Soma pale juu."

Kamusi akasoma juu. Alipomaliza aliikunja karatasi kwa mikono miwili, akamrudishia mdogo wake. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe. Salamu za juu mama alizikosa maisha yake yote, na hakuna mtu mwenye haki ya kumnyima hata siku moja zaidi. Lakini salamu na buti vilikuwa kwenye karatasi moja, na ukimpa mama kimoja unamnyang'anya samaki. Kikongwe wa miaka themanini na kitu, ana mzazi mmoja wa karatasi, nawe unakwenda kumwambia mzazi huyo alikuwa anapigana na kiatu?

Wakakubaliana hivi. Ndoana atasoma salamu, akifika kwenye mabuti ataruka, aingie ukurasa wa pili kama kawaida. Kamusi atakohoa kidogo pale pa kuruka, kuziba ufa.

Chai ikatengwa. Mama akakaa kitandani, mgongo ukutani. "Haya, nileteeni baba."

"Mama," Ndoana akaanza. "Leo kuna kipya. Kwenye mkoba wa bibi nimeukuta ukurasa wa kwanza."

Mama akavuta upande wa kanga yake akaushikilia. Ndoana akasoma:

"Mke wangu mpenzi. Salamu sana, salamu tele, salamu zisizo na idadi. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka wenzangu wamenikataza. Umesema mtoto ameota meno mawili na anakung'ata. Mwambie baba yake anamsalimu yeye peke yake, salamu zake zisichanganywe na za watu wengine. Mwambie asiache kung'ata, nikija aning'ate na mimi nijue ni wangu. Huku kazini..."

Kamusi akakohoa. Alikohoa kwa bidii kupita kiasi, mpaka chai ikamwagika. Ndoana akaruka: "...likakataa katakata. Nikavuta, nalo..."

"Simama hapo," mama akasema.

Wakasimama, mmoja na kikohozi chake, mwingine na karatasi zake mbili.

"Huku kazini nini?"

"Huku kazini... likakataa, mama."

"Kazi gani inakataa kabla haijatajwa? Na wewe mwalimu, kikohozi hicho umekitoa wapi, ulipoingia hukuwa nacho. Ndoana, soma kilichoandikwa. Mimi ni mama yako, si mteja wako."

Ndoana akamtazama dada yake, dada yake akatazama dari. Maji yakamfika shingoni, yeye anayeogopa hata ya beseni. Akasoma. Alisoma mabuti, akasoma miguu iliyovimba, akasoma siku mbili, na alipofika kwenye kulivua buti la kulia sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi wa kushonea soli. Akaishia hapo, maana ukurasa wa pili hakuna aliyehitaji kusomewa.

"Buti," mama akasema.

"Buti, mama."

"La mguuni."

"La mguu wa kulia."

Midomo ya mama ikaanza kupita taratibu juu ya maneno anayoyajua. Likang'ang'ania. Akanishika kiunoni. Kila apitaye anashika pua. Alipofika hapo pa pua, mabega yakaanza kumtikisika. Ndoana akaruka kumshika akidhani analia, kumbe mwanamke anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, Kamusi naye akashindwa kujizuia, na Ndoana aliyekuwa hajui acheke au aombe radhi akafanya vyote viwili kwa pamoja.

"Tumeshinda tunabishana la pili," mama akasema huku akijipangusa machozi, "kumbe la pili ni la kushoto!" Akatulia. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Masikini. Kumbe miguu ilikuwa inamuuma."

Ndoana akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Samaki wako..."

"Achana na samaki. Samaki angeweza kuvuliwa na baba wa mtu yeyote. Rudi juu."

"Juu wapi?"

"Pale aliponitaja."

Ndoana akasoma tena pale pa meno mawili. Mama akamwambia, tena. Akasoma mara ya tatu, na mara hiyo mama alisema naye, neno kwa neno: yeye peke yake, zisichanganywe na za watu wengine. Chai ilipoa mezani na hakuna aliyeikumbuka. Mama akaingiza kidole mdomoni, akapapasa taratibu ufizi wa juu, akapapasa wa chini, akakitoa.

"Barua hii haikujibiwa," akasema. "Mwalimu, chukua kalamu, wewe ndiye mwenye mwandiko. Mwandikie umwambie salamu zimefika. Mwambie yamebaki mawili."

Kamusi, ambaye siku nyingine angeuliza barua yenyewe itapelekwa anuani gani, akafungua mkoba wake akatoa kalamu na karatasi. Akaandika neno la kwanza.

"Umeandika nini?" mama akauliza.

"Meno."

"Kata hilo," mama akasema. "Anza na salamu."