Mchoma makaa wa Cimpunda anayeijengea lithiamu nyumba

Saa tatu asubuhi, Georgette Aganze anainama kando ya tanuri dogo la umeme na kunusa moshi unaotoka kwenye bomba lake. Hatazami saa, wala namba nyekundu zinazobadilika kwenye mlango wa tanuri. Ananusa tu, kisha anainua mkono.

"Bado iko na maji," anasema. "Usiongeze moto, Prof. Ngoja."

Prof ni Anaclet Zagabe, mwalimu wa kemia katika chuo kimoja mjini Bukavu. Ana shahada tatu. Anarudisha mkono mfukoni na kungoja.

Georgette, mwenye umri wa miaka 51, aliuza makaa sokoni Kadutu kwa miaka kumi na tisa. Leo bado anachoma miti, ila miti yenyewe hukatwa vipande vyembamba kama biskuti, vyenye upana wa sarafu. Makaa yake hayaivishi tena maharage ya mtu. Yanawekwa ndani ya betri.

Kazi aliianza utotoni huko Bunyakiri, pembeni mwa baba yake. "Papa alinifundisha kusoma moshi," anasema. "Ikiwa mweupe, ni maji njo inatoka. Ikikuwa ya bluu, funga matundu ya tanuri mbio. Ukichelewa, utakuta majivu tu."

Anaclet alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Miaka miwili iliyopita aligonganisha makaa mawili, yakalia kama kioo. Akachuchumaa mbele ya gunia na kuuliza nani aliyeyachoma.

"Nilizani anataka kupunguziwa bei," Georgette anasema, akicheka. "Kumbe alikuwa anatafuta mutu wa kazi!"

Mwalimu huyo alikuwa na shida. Betri ya lithiamu tupu inaweza kubeba umeme mwingi kuliko betri za simu zetu. Lakini kila inapochajiwa, lithiamu huota miiba midogo isiyoonekana kwa macho. Mwiba ukitoboa utando ulio katikati, betri hufa, na wakati mwingine huwaka moto.

"Kwa hiyo lithiamu inahitaji nyumba," anaeleza Anaclet. "Nyumba ya kaboni, nyepesi, yenye vyumba vingi. Ikikaa humo ndani, haioti miiba ovyo."

Georgette alimwelewa kwa njia yake. "Muti unakunywa maji, si ndiyo? Iko na njia zake tangu mizizi mpaka juu. Ukichoma polepole, muti unaisha lakini njia zinabaki."

Akaacha meza yake ya sokoni, akaingia maabara ya Anaclet kwa mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo makaa hayakuwahi kumpa. Majirani zake wa mtaa wa Cimpunda walimcheka kwamba anakwenda kuwauzia makaa walimu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Katika miezi mitatu vipande 214 vya mkaratusi vilipasuka au kujikunja ndani ya tanuri. Waliokuwa wakigharimia utafiti walitaka kuona matokeo kabla ya mwisho wa Juni. Bila hivyo maabara ingefunga kazi hiyo.

"Nilikuwa naona haya," anasema Georgette. "Miaka yote nachoma, na sasa kipande kidogo kama kifungo kinanishinda."

Jumapili moja, akitoka misa, alipita kwa wapasua mbao na kushika gogo la mkaratusi lililokatwa siku ileile. Lilikuwa zito kwa maji. Kesho yake alimwambia mwalimu kwamba kosa haliko kwenye moto, liko kwenye mti.

Alimpigia simu kaka yake Patrice, anayeishi Bunyakiri, amtumie parasolier, mti mwepesi unaoota haraka mahali msitu ulipokatwa. Vipande alivikausha kivulini wiki tatu, vikiwa vimebanwa kati ya vigae. Kisha akaomba moto upandishwe kidogo kidogo kwa siku mbili, hewa ikiwa imezuiwa.

Walifungua tanuri Jumanne. Kati ya vipande kumi na viwili, kumi na kimoja vilikuwa vizima. Anaclet aliinua kimoja dirishani, mwanga ukapenya kwenye vitundu vyake.

"Prof alicheza," Georgette anasimulia. "Mutu mukubwa vile, na miwani yake!"

Mwalimu alivipeleka vipande hivyo katika maabara ya nchi nyingine, yenye sanduku la vioo ambamo lithiamu inaweza kuyeyushwa bila kuguswa na hewa. Georgette alitazama kwa simu, jikoni kwake. Lithiamu ilikataa kuingia.

"Ilikuwa inateleza sawa maji juu ya jani ya ndizi. Nikasema, basi, kwisha."

Siku mbili baadaye simu iliita tena. Safari hii vipande vilikuwa vimepakwa zinki, tabaka jembamba sana la kuifanya lithiamu ishike. Tone la lithiamu likagusa makaa, likatulia, likazama.

"Imekunywa!" Anaclet alipiga kelele. "Maman Georgette, imekunywa!"

Georgette aliruka, akaangusha sufuria ya maharage. Siku hiyo familia ilikula mkate.

Betri ya majaribio yenye lithiamu tupu ilikufa baada ya kuchajiwa mara mia moja hivi. Yenye makaa ya Georgette imepita mara mia nne na bado inafanya kazi. Anaclet anaonya kwamba betri hiyo ni ndogo kama kifungo cha koti, na safari ya kufika dukani ni ndefu. Lakini fedha za utafiti zimeongezwa kwa miaka miwili, na katika ripoti jina la Georgette limeandikwa la pili, chini ya la Anaclet.

Sasa Georgette anataka kuwafundisha wauzaji wawili wa makaa wa Kadutu kazi hii. Ana mpango mwingine pia. Anafungua kabati la chini na kuonyesha vifurushi vilivyofungwa kwa kamba: mwanzi, shina la mpapai, bua la mahindi.

"Nitachoma moja moja, nione ni gani inashinda parasolier," ananong'ona, akichungulia mlangoni. "Prof hajue bado. Usimuambie. Acha asome mu gazeti."